Pacha wa Ziwa la Kushoto

Kazi yangu ni kuwaomba watu wateme mate. Kuna njia nyingine ya kuieleza, ndefu na ya heshima, na mara nyingi huitumia ninapozungumza na maofisa. Lakini sokoni Arua, mama wa nyanya akiniuliza ninaondoka na mkoba huo kwenda wapi kila asubuhi, nikianza kumweleza utafiti wa vinasaba huniangalia kama mtu anayemzungusha ili apunguze bei. Kwa hiyo nasema mate. Anacheka, ananiongezea nyanya mbili, na mimi naenda zangu.

Tunachotafuta ni sababu za magonjwa ya akili: yale ya kusikia sauti, yale ya mtu kupanda juu ya furaha mpaka halali wiki nzima kisha akaanguka, na ile huzuni inayomlaza mtu mwezi mzima. Mgonjwa anayekubali hutema mate ndani ya kichupa mpaka kwenye mstari, bila kula wala kunywa kwa nusu saa kabla. Ndugu zake wakikubali nao hutema. Kisha mimi nakaa nao kwenye mkeka au kwenye benchi na kuchora mti wa ukoo: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na aliyeugua namjaza rangi nyeusi. Kuchora nakuweza sana. Nilijisifu hivyo kwa muda mrefu, tena kwa sauti.

Nyumbani kwetu ni Koboko. Sisi ni Wanubi, watoto wa watoto wa askari waliotoka Sudan, na kama Wanubi wote tuna jamaa katika kila mji wenye msikiti na kambi ya zamani. Baba alikwisha kufariki. Mama yupo, anasuka makawa ya kufunikia chakula, na ulimi wake unakata kuliko kisu chake. Kuna mdogo wetu wa mwisho, msichana wa miaka ishirini na miwili. Na kuna kaka yangu, pacha wangu, fundi cherehani anayeshona sare za shule kwenye baraza la duka mjini.

Kaka alianza kuugua tulipokuwa na miaka ishirini na moja. Alisikia watu wakimpangia mambo kupitia ukutani. Siku moja alitembea pekupeku kutoka Koboko hadi karibu na Arua kuwakimbia, na alipopatikana nyayo zake zilikuwa hazitazamiki. Tulimpeleka kwa kila mtu anayepelekewa wagonjwa. Mwisho tulimpeleka kliniki, akapewa vidonge, baadaye sindano ya kila mwezi, na polepole yule mtu ninayemjua akarudi. Si kamili. Sauti bado huja, lakini anasema sasa zinamsumbua kama redio ya jirani: anazisikia na anaendelea kushona. Ni kwa sababu yake niliomba kazi hii. Sioni aibu kusema hivyo, ingawa kwenye usaili niliwaambia napenda sayansi.

Utafiti ulipofika Koboko, yeye alikuwa wa kwanza kukubali. Mate yake yalichukuliwa na mwenzangu, nami nikatoa yangu kwa mwenzangu huyo huyo, kwa sababu si vizuri mtu kujipima nyumbani kwake. Lakini mti wa ukoo niliuchora mwenyewe, maana nani mwingine angeujua? Nikaweka mraba wa kaka, nikaujaza rangi. Nikaweka duara langu pembeni yake. Nikaunganisha kwa alama ya mapacha.

Miezi ikapita. Asubuhi moja daktari anayetuongoza, mama mmoja mpole kutoka upande wa Kampala, aliniita chumbani kwake Arua na kufunga mlango. Tulizungumza Kiingereza, na haya nayaweka kwa Kiswahili changu. Alisema kuna nyumba moja imewasumbua. Mti unasema mapacha, na mapacha ni dhahabu kwetu, kwa hiyo waliwaangalia kwa makini. Mate yanasema watu hawa wawili hawana undugu wowote. Ama vichupa vimechanganyika, ama mti una kosa. Kisha akaniambia kwa upole kwamba mti huo una sahihi yangu.

Nilikasirika kwanza. Ndiyo tabia yangu, hasira huja kabla ya akili. Nikasema vichupa vimechanganyika, nikamtaja na mwenzangu kwa maneno ambayo baadaye nilimwomba radhi. Nikatoa ushahidi: kitambulisho changu cha taifa na cha kaka vina tarehe moja ya kuzaliwa. Vyeti vya shule ni hivyo hivyo. Kadi ya kliniki ya kaka imeandikwa "ana pacha wa kike". Karatasi tatu, ofisi tatu!

Daktari aliniuliza, "Na hizo ofisi tatu, kila moja iliambiwa na nani?"

Zote ziliambiwa na mama.

Sasa nikisema sikujua, nitakuwa mwongo. Nilijua. Wazee wa mtaa mzima wanajua. Mama yangu alinizaa tukiwa wakimbizi ng'ambo ya mpaka, Zaire kama ilivyoitwa wakati ule, wiki ileile jirani yake alipojifungua mtoto wa kiume na kufa. Mtoto alikuwa analia. Mama alikuwa na maziwa. Akanyonyesha wawili, mimi ziwa la kulia na yeye la kushoto, na kwa miaka miwili hakubadilisha pande, ili asipunje mtu. Kwa dini yetu aliyenyonya ziwa moja nawe ni ndugu yako, hawezi kukuoa wala kuoa dada yako, na kwa desturi yetu ukishamwita ndugu humwiti kitu kingine. Watu walituita mapacha, tukaitikia. Nilipokaa na ile fomu sikudanganya kwa makusudi. Mkono uliandika tu kile nilichozoea kusikia kwa miaka arobaini.

Daktari alicheka alipoelewa, na kicheko chake kilinipunguzia moto. Alisema kosa hili linafundisha vizuri kuliko semina zake. Nilidhani nina mashahidi watatu, kumbe ni shahidi mmoja aliyebadilisha shati mara tatu.

Akanieleza upya kazi yetu, na safari hii nilisikiliza kama mtu aliyekosea. Mate peke yake hayasemi mengi. Unaweza kukuta mahali fulani kwenye vinasaba panapojirudia kwa wagonjwa wengi, ikawa bahati tu. Kwa hiyo unatafuta shahidi anayekuja kwa njia nyingine kabisa: wale wanaochunguza ubongo wa watu waliokufa na kuuachia sayansi, waone kama mahali hapohapo kuna kitu kinachofanya kazi zaidi au pungufu. Unatazama miti ya koo. Unatazama vitabu vya kliniki, nani alipona kwa dawa gani. Unatazama watu wa nchi nyingine, maana mpaka juzi karibu yote yaliyojulikana yalitoka kwa watu wa Ulaya, na kipimo kilichotengenezwa kwao kikija Arua kinasoma vibaya. Wakikutana mahali pamoja watu ambao hawakuambizana, hapo ndipo unaanza kuamini.

Nilimuuliza kile nilichotaka kuuliza tangu nikiwa na miaka ishirini na moja. Je, ugonjwa wa kaka yangu uko kwenye damu?

Alisema kuna sehemu iliyo kwenye damu, lakini si donge moja la kunyooshea kidole. Ni vitu vidogo vidogo maelfu, kila kimoja chepesi kama punje ya simsim. Kila mtu duniani anazo kiasi, yeye pia, mimi pia. Nyingi kati ya hizo punje zinaonekana kwa wenye sauti, na kwa wenye huzuni kubwa, na kwa wanaopanda na kushuka, ingawa vitabu vinawaweka kwenye kurasa tofauti. Na juu ya punje kuna maisha: vita, njaa, kufiwa, bangi, homa za utotoni. Nilitaka jibu fupi zaidi.

Kisha akasema tusiifute nyumba yetu. Mtoto wa damu nyingine aliyelelewa kwenye sufuria moja na mimi, ukimbizi mmoja na mimi, ni ushahidi wa aina ambayo hawakuwa nayo. Ila ni lazima mti uchorwe upya kwa ukweli, na mama na kaka wakubali tena kwa kalamu yao. Nikapewa fomu mbili za kwenda nazo Koboko.

Jioni hiyohiyo mdogo wetu alinipigia simu akilia. Alikuwa ameposwa na mwalimu kutoka Ludara, kijana mtulivu, Mwislamu, wanapendana kwa namna ya kuchosha. Wakwe walikuwa wameshapokea kila kitu vizuri mpaka mtu wa sokoni akawaambia juu ya kaka. Sasa shangazi wa kijana, ambaye ndiye aliyemlea, alikuwa anakuja Jumamosi kuuliza. Huku kwetu hiyo si matusi. Kabla ya arusi watu huuliza nyumba: kuna kifafa, kuna ukoma, kuna ugonjwa wa kichwa? Jibu likiwa baya, wanashukuru kwa chai, kisha husahau njia ya kurudi.

"Dada, wewe nasoma mambo ya damu," aliniambia. "Sema kitu."

Nilikuwa na cha kusema. Kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Nilikaa kitandani na kuona jinsi kilivyo rahisi: huyu si damu yetu, na hapa kuna maabara inayosema hivyo. Arusi ingeendelea. Tena ni kweli tupu. Naandika haya leo na bado uso unaniwaka, kwa sababu usiku ule sikuiona kama dhambi. Niliiona kama bahati.

Niliingia Koboko Ijumaa. Nikaanza na mama, maana ukianza na mtu mwingine, yeye atapata habari kabla hujamfikia. Nikamweleza mate na mti, nikamwambia nahitaji majina ya kweli ya waliozaa na waliozaliwa. Alisuka mpaka akamaliza mzunguko mmoja wa kawa.

"Mimi nilisema kwa serikali hawa iko pacha," alisema. "Serikali haikuniuliza nani alizaa. Iliuliza watoto yako. Sasa nyinyi naniuliza tena?"

Nikamwambia safari hii tunauliza yote, hata upande wake. Je, kwao kulikuwa na mtu aliyeugua kichwa? Niliuliza kwa mazoea, kalamu ikiwa tayari kuandika hapana, kama nilivyoandika mara ya kwanza.

"Haboba yako," alisema.

Bibi yangu. Alipomzaa mjomba wangu mkubwa, mama akiwa mtoto mdogo, aliona watu darini na akataka kumtoa mtoto nje ili wasimchukue. Walimfunga chumba cha ndani miezi mitatu. Fakihi, mwalimu wa dini, alikuja kumsomea na kumnywesha kombe, maji yaliyooshea aya. Baadaye akatulia, akazaa wengine wanne, akafa mzee akikumbukwa kwa mapishi yake. Nilimuuliza mama kwa nini hakuniambia miaka yote hii, mimi ninayeishi kwa kuuliza maswali haya. Alisema, "Wewe uliuliza wagonjwa. Yeye alipona."

Nikachora duara la bibi, nikalijaza rangi. Likawa juu yangu kabisa, mstari mmoja ukishuka hadi kwa mama na mwingine hadi kwangu. Na mraba wa kaka, mweusi, uko kando na hauna mstari unaofika kwa yeyote kati yetu. Nyumba yetu ilikuwa na ugonjwa kwenye damu, na kaka hakuwa ameuleta yeye.

Kaka nilimfuata barazani. Nilimweleza yote, maana fomu inataka hivyo na yeye si mtoto. Alisoma taratibu, mguu ukiwa bado juu ya pedali ya cherehani. Kuhusu mama aliyemzaa alijua tangu zamani. Aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo hii karatasi nasema mimi si wao."

"Inasema damu," nilimjibu.

"Ndiyo. Damu." Akatia sahihi, akaendelea na kaptula ya mtoto wa shule.

Jumamosi shangazi alikuja na wanawake wawili, wote wamevaa vizuri. Yeye alikuwa Hajati, mrefu, na sauti ya chini ambayo haihitaji kupandishwa. Tulikaa mkekani. Mdogo wetu alikuwa jikoni, na najua alikuwa amesimama nyuma ya pazia kwa sababu hakuna sufuria iliyosikika. Kaka alileta chai mwenyewe, kwa kanzu iliyopigwa pasi. Baada ya salamu na habari za mvua, Hajati aliweka kikombe chini.

"Sisi hatukuja kutukana mutu," alisema. "Lakini huyu kijana mimi nilimlea. Watu nasema hii nyumba iko na ugonjwa ya kichwa. Mimi nataka kusikia kwa nyinyi. Hii kitu iko ya damu?"

Mama alifungua mdomo. Kaka akamtangulia. Alikuwa bado amesimama na sinia.

"Hajati, mgonjwa iko mimi. Lakini mimi si damu yao. Mama yangu alikufa kule ng'ambo, huyu mama alinichukua tu. Dada yangu iko na karatasi. Mutoto yenu asiogope. Mimi naweza kukaa mbali na arusi."

Kila neno alilosema ndilo nililokuwa nimelibeba kwenye mkoba kutoka Arua, na nilipolisikia kinywani mwake nilitamani mkeka unimeze. Mama aliinamisha kichwa. Hajati alinigeukia mimi.

"Wewe ndiyo nafanya kazi ya damu. Iko kweli?"

Ilikuwa inatosha nijibu ndiyo, tunywe chai, wapange siku. Niliona pazia la jikoni likitikisika.

"Ndiyo," nilisema. "Kaka yangu si wa damu yetu. Lakini Hajati, ugonjwa upo kwenye damu yetu. Bibi yangu, mama wa huyu mama, aliugua akafungwa ndani miezi mitatu. Mimi nimetoka kwake. Na yule msichana mnayemtaka ametoka kwake. Kwa hiyo mkiogopa, msimwogope huyu aliyeshika sinia. Mtuogope sisi."

Nikaongeza, kwa sababu nikianza huwa sinyamazi, kwamba nimechora miti ya nyumba nyingi sana, ya Ludara, ya Midia, ya Arua mjini, ya waislamu na wakristo, na bado sijachora hata mmoja ambao ukiuliza vizuri hautakuwa na mtu. Nikasema kaka yangu si mtu wa kuchukuliwa tu. Ni ndugu yangu, na pasipo yeye arusini, mimi pia sipo.

Mmoja wa wale wanawake alianza kukusanya khanga yake kuondoka. Hajati hakusogea. Alikuwa anamtazama kaka: kanzu yake, mikono yake iliyoshika sinia sawasawa.

"Hii dawa yako," alimuuliza. "Inapatikana hapa Koboko ama mpaka Arua?"

Kaka alimwambia inapatikana hapa, siku gani, dirisha gani, na kwamba uwahi. Hajati alirudia siku ile polepole, ili isimtoke.

Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Hajati, dawa iko ya nani?"

"Ya binti yangu," alisema. "Mwaka ya tatu sasa iko ndani. Tunawaambia watu alienda kusoma Kampala." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio wake, kwa hasira, kama anayemfukuza nzi. Wale wenzake wawili walitazama mkeka, nikaelewa kwamba hata wao hawakujua.

Tulikaa. Chai ilipoa, mdogo wetu akatoka na nyingine, macho mekundu. Baadaye sana mama aliuliza habari za arusi, na Hajati akamshangaa. "Arusi iko. Nani alisema arusi hakuna?"

Siku ya kliniki nilikuwa Koboko kwa kazi. Hajati alifika mapema na binti yake, msichana wa miaka kama kumi na tisa, amefunikwa mtandio mpaka karibu na macho, anatembea akigusa ukuta. Benchi lilikuwa limejaa. Watu walimpisha kwa namna ile ya kumpisha mtu usiyetaka akuguse. Akabaki amesimama katikati ya baraza, na nikaona anaanza kugeuka kuelekea lango.

Kaka yangu alikuwa kwenye benchi akisubiri sindano yake. Alisogea, akapangusa mahali pake kwa kiganja, akamwita kwa mkono. Msichana alimtazama kwa muda.

"Wewe pia?" aliuliza.

"Mimi pia," alisema kaka. "Kaa."

Akakaa.